Viti Sita vya Kuazima

Nilifika Nakivale, kambi ya wakimbizi kusini-magharibi mwa Uganda, kwa njia ndefu kuliko iliyohitajika, na hilo peke yake lingetosha kunionya kuhusu maisha yangu. Mtu mwenye akili akikimbia vita Uvira, Kongo, mwaka 1996 anatafuta mpaka ulio karibu anavuka. Mimi nilipanda boti hadi Kigoma, kwa sababu niliambiwa nina binamu huko. Binamu hakuwepo; nikaambiwa yuko Tabora. Nikapanda treni. Tabora nikaambiwa amehamia Mwanza, na Mwanza nikaambiwa na mtu muungwana sana kwamba jina hilo halijulikani kabisa. Kurudi nyuma niliona aibu, nikavuka ziwa hadi Bukoba, nikapanda lori la maharage hadi Karagwe, na mwishowe nikavuka daraja la Kikagate kwa miguu, kiatu kimoja kikiwa kizima na kingine kimefungwa kwa kamba ya katani. Kambi ya Oruchinga wakaniambia nafasi imejaa. Nakivale wakanipokea kwa turubai, jembe, panga, na kiwanja katika kijiji cha Kashojwa ambacho mchwa walikuwa wamekwisha kukipima na kugawana.

Nawaeleza haya ninyi vijana mnaoshika sasa kazi ya ukalimani kwenye zahanati na mbele ya meza za kamati, ili mjue kwamba sikuchaguliwa kwa ubora. Nilikuwa nimemaliza sekondari, nilijua Kifaransa cha darasani na Kiingereza cha redioni, na siku moja mganga alihitaji mdomo wa kukodi. Nimesikia ninyi mnapewa fulana yenye maandishi mgongoni na mafunzo ya siku tatu yenye soda. Hongereni. Sisi tulipewa Mzee Bisimwa.

Mzee Bisimwa alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Bukavu, mtu mfupi mwenye koti moja na kalamu tatu. Wiki yangu ya kwanza alikaa pembeni ananisikiliza. Mgonjwa mmoja alisema, "Mugongo inaniuma." Mimi, kwa kuwa nilitaka musawo, kama tulivyomwita mganga huko, ajue kwamba nimesoma, nikatafsiri kwamba mgonjwa anateswa na maumivu yasiyoelezeka, mithili ya moto wa nyika. Musawo akaacha kuandika, akanitazama mimi badala ya mgonjwa.

Tulipotoka nje Mzee Bisimwa akaniuliza, "Ile moto ya nyika, umeitosha wapi?"

"Nilitaka aelewe, mzee."

"Hakuelewa. Amecheka tu ndani ya roho. Sikia, petit. Batu ba biro, ba ku ofisi, habajuake mugongo wa mutu. Banajua jerikeni ya maji. Uliza mugonjwa: leo nani alichota maji kwako? Akisema ni miye, andika ni mugonjwa kidogo. Akisema ni jirani, hapo sasa kazi iko."

Nikaitikia, nikasahau. Nilisahau kwa miaka kumi na zaidi, na kusahau huko kulimgharimu mtu mwingine, kama kawaida ya makosa ya wakalimani.

Mtu huyo ni Mama Nsimire. Alikuwa jirani yangu Kashojwa, mjane kutoka Kabare, mkulima wa maharage na mahindi, sauti ya pili katika kwaya ya kanisa letu la turubai. Alianza kuumwa vidole. Asubuhi vilivimba hata hakuweza kukamua nguo. Jioni vilipungua akashika jembe. Homa ikaja ikaondoka. Nywele zikaanza kubaki kwenye kitana. Akikaa juani, wekundu ulimtokea mashavuni na juu ya pua, umetandaza mabawa kama kipepeo. Zahanati ikamtibu malaria. Ikamtibu taifodi. Ikamtibu minyoo, kwa heshima zote. Ikarudia malaria, mara nyingi kiasi kwamba mbu wenyewe wangemwonea huruma.

Mwishowe tulipelekwa Mbarara, kwenye hospitali kubwa, na damu yake ikapelekwa mbali zaidi kuliko yeye alivyowahi kwenda. Majibu yaliporudi, daktari, kijana mpole wa Kinyankole mwenye miwani, alituketisha akatafuta maneno. Ugonjwa unaitwa lupasi, akasema. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, imegeuka inaushambulia mwili wenyewe. Hauambukizi. Hauponi, lakini unatulizwa kwa dawa. Nikatafsiri, safari hii bila moto wa nyika: "Mama, anasema askari wa ndani ya mwili wako wameacha adui, wanapiga raia."

Mama Nsimire akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekutana na anayemfahamu. "Ile nayijua," akasema. "Njo ilinitoshaka kwetu."

Daktari alitaka kujua amesema nini. Nilipomwambia kwamba ndiyo hiyo iliyomtoa kwao, akaandika kwa herufi kubwa: dawa kila mwezi, bila kuruka, na mgonjwa asikae juani. Akaniambia mimi kando: ugonjwa huu ukiachwa hula figo, na figo zikiliwa, tusirudi kwake, kwani hana za kutugawia.

Sasa hapo ndipo kazi ilipoanza. Dawa hizo zahanati yetu haikuwa nazo. Ili uzipate kila mwezi, upewe na gari la kwenda Mbarara, na mtu akuchukulie mgao wa chakula badala ya wewe kupanga foleni juani, ilibidi jina lako liingie kwenye orodha ya magonjwa mazito. Orodha hiyo ililindwa na kamati. Kamati ilikuwa na fomu, na fomu ilikuwa na visanduku viwili kwa kila swali: ndiyo na hapana. Je, mgonjwa anaweza kutembea hadi bombani? Mama Nsimire aliweza Jumatatu, Jumanne hakuweza. Je, anaweza kujipikia? Jioni ndiyo, asubuhi hapana. Kisanduku cha "inategemea" hakikuwepo, nadhani kwa sababu kingeharibu mpangilio wa karatasi. Tena fomu ilikuwa na majina ya magonjwa yanayokubalika, yamepangwa vizuri, na lupasi halikuwemo. Lilikuwepo neno "mengineyo," na mstari mfupi mbele yake, urefu wa kidole gumba.

Wakatuambia watakuja nyumbani kumtathmini, siku ya Alhamisi. Mimi kwa ujinga wangu nikamwambia jirani yetu Mama Chance.

Mama Chance hakuwa mtu wa kupokea habari kama hiyo akakaa. Ninyi mliozaliwa kambini huenda hamjui vizuri, lakini mama zenu wanajua: kwetu mgeni hakuti mtu amelala, na hasimami uani kama mdai. Anaoga mwenyeji, anajipaka mafuta, anavaa kitenge cha Jumapili, na mgeni anawekewa kiti. Mtu hawezi kuonesha umaskini wake kwa mtu wa ofisi kama anayeonesha mboga sokoni. Basi Jumatano wanawake wa kwaya walipaka ukuta chokaa ya kijivu, wakafagia ua hadi ukang'aa, wakamsuka Mama Nsimire na kufunika palipokatika nywele kwa kilemba cha manjano. Viti vikakusanywa: viwili vya mchungaji, kimoja cha fundi cherehani, viwili vya Mama Chance, na cha sita, kijana mmoja asinicheke, kilikuwa changu. Nilikibeba mwenyewe kichwani.

Alhamisi wakaja watatu: mama mmoja wa Kiganda tuliyemwita Madam, mzee mmoja mkimya aliyebeba faili, na dereva. Mama Nsimire alimeza vidonge viwili vya maumivu, akasimama, akawapokea kwa mikono miwili. Mimi nilisimama pembeni na fomu.

Swali la kwanza: anaweza kusimama? Alikuwa amesimama. La pili: anaweza kubeba kitu? Alikuwa amebeba sahani ya mihogo na karanga, anaipitisha kwa dereva. La tatu: ana mtu wa kumsaidia? Kwaya nzima ilikuwa uani, inatabasamu.

Madam akakaa, akagusa mkono wa kiti, akatazama huku na huku. "Nyabo," akasema, yaani mama kwa Kiganda chake, "wewe iko sawa kabisa. Nyumba mzuri. Viti mingi kuliko ya ofisi yetu."

"Asante sana, Madam," akajibu Mama Nsimire, kwa sababu ndivyo mtu anavyojibu akisifiwa nyumba. "Kuko karanga kidogo. Mungekula."

Wakala. Majibu yalikuja baada ya wiki mbili: familia inajiweza. Ninyi mtakaojiuliza kwa nini sikusema kwamba viti ni vya kuazima, jibu ni hili: ningemwaibisha mbele ya wageni wake. Nilikuwa mkalimani wa lugha nne, na nilinyamaza katika zote.

Mwezi wa kwanza alipata dawa za msaada wa mchungaji. Mwezi wa pili hakupata. Mimi nikaamua kutumia akili, jambo ambalo nawaonya mlifanye kwa uangalifu. Nikawaza: kamati haiamini karatasi, inaamini macho. Basi waone. Tulipoitwa tena mbele ya meza pale Base Camp, penye ofisi za kambi, nikamwambia Mama Nsimire tutoke mapema, tukae nje ya kivuli. Asubuhi yote. Kipepeo atoke usoni, amalize ubishi.

"Daktari alisema nisikae ku jua," akasema.

"Ni leo tu, mama. Leo uso wako ndio wakili."

Akakaa. Aliniamini, na hilo ndilo ninalolikumbuka kila ninapojisifu kwa lolote. Kufikia saa sita kipepeo alikuwa ametoka kama nilivyoagiza, mwekundu, na vidole vimevimba kama ndizi. Tukaitwa. Madam akainama juu ya meza akamtazama vizuri, kwa huruma ya kweli, sikatai, kisha akaandika. Nikasoma maandishi yake kichwachini, ujuzi ambao kila mkalimani anapaswa kuwa nao: "Mgonjwa anadhuriwa na jua. Ashauriwe kukaa kivulini."

Siku ya tatu Mama Nsimire hakuamka. Akapelekwa Mbarara, akalazwa wiki tatu. Yule daktari mwenye miwani alinionesha karatasi ya mkojo akanieleza kwamba ugonjwa umeanza kuonja figo. Aliuliza kama mgonjwa alikaa juani. Nikatafsiri swali, ingawa halikuwa la Mama Nsimire. Yeye akanitazama kidogo, akasema, "Mwambie nilikuwa na safari."

Nikatafsiri hivyo hivyo. Ndiyo sentensi niliyoitafsiri vibaya zaidi katika kazi yangu yote, ingawa hakuna neno lililokosewa.

Wiki zile tatu nililala kwenye mkeka kwa mama mmoja wa Kiislamu, Hajati, aliyeuza vitambaa na miavuli karibu na stendi ya Mbarara na kuwapikia uji wagonjwa wasio na ndugu. Alinisikiliza nikijilaumu siku mbili, ya tatu akachoka. "Wewe unaongea sana, ssebo," akaniambia, yaani bwana, huku akikoroga. "Huyo mama akiwa nyumbani, nani anamtekea maji?"

Nikaacha kunywa uji. Mzee Bisimwa alikuwa amefariki miaka mingi nyuma, lakini niliona kama koti lake limepita mlangoni.

Tuliporudi Kashojwa, Mama Nsimire akiwa na mwavuli mkubwa mweusi aliopewa na Hajati, nilinunua daftari. Sikuandika jina la ugonjwa hata mara moja. Kila siku niliandika kazi moja iliyoshindikana na jina la aliyeifanya, na aliyeifanya akatia sahihi au kidole gumba kwa wino. Kuchota maji: Mama Chance. Kukamua shuka: mke wa mchungaji. Kufunga kifungo cha blauzi: Mama Chance tena, na amecheka. Nataka mlishike hili, kwa kuwa hakuna fulana itakayowafundisha: msimpelekee mtu wa ofisi ugonjwa. Mpelekeeni siku za mgonjwa.

Wiki ya pili nikaona Mama Nsimire ameinamia daftari.

"Hapa jana haukuandika," akasema. "Jana nililima mistari mbili."

"Hiyo tusiiandike, mama. Watasema umepona."

"Andika. Nililima. Miye si muongo."

"Mama, tumeshakataliwa mara mbili."

"Mara ya kwanza tuliongopa na viti. Mara ya pili tuliongopa na jua. Sasa tuandike kama iko."

Nikaandika: amelima mistari miwili. Siku iliyofuata nikaandika: hakuamka, maji, Mama Chance.

Baada ya miezi mitatu tukaenda mbele ya meza mara ya tatu, naye ameshikilia mwavuli. Kwa wakati huo vidonge alivyoanzishiwa hospitalini vilikuwa vimemvimbisha uso ukawa wa mviringo, mashavu yamejaa. Kambini kwetu mgonjwa anapimwa kwa wembamba. Mtu mwenye mashavu ni mtu aliyepata. Madam akashusha miwani. "Lakini huyu mama amenenepa."

Nilikuwa na hotuba tayari, nzuri, yenye moto wa nyika. Nikaimeza. Nikasema, "Madam, naomba nisome ukurasa mmoja tu." Nikasoma. Jumatatu maji, Mama Chance. Jumanne shuka, mke wa mchungaji. Jumatano amelima mistari miwili mwenyewe. Alhamisi hakuamka. Ijumaa kifungo cha blauzi. Jumamosi amekwenda mazoezi ya kwaya, amerudishwa kwa baiskeli.

Yule mzee mkimya wa faili, ambaye kwa miaka sikuwahi kusikia sauti yake, akanyoosha mkono akachukua daftari. Akapekua, anatazama vidole gumba. Akauliza, "Mtu anaomba msaada. Kwa nini mmeandika siku alilima?"

Nikageuka kutafsiri, lakini Mama Nsimire alikuwa ameelewa. "Juu nililima," akasema, yaani kwa sababu alilima.

Mzee akampa Madam daftari, ameliweka wazi. Madam akasoma kurasa tatu au nne. Kisha akaandika kwenye ule mstari mfupi wa "mengineyo," herufi zikatoka nje ya mstari hadi pembeni mwa karatasi, na akapiga muhuri. Mwaka mmoja, akasema. Baada ya mwaka, atathminiwe upya.

Ndiyo, mmesoma sawasawa. Ugonjwa usiopona, na kila mwaka mgonjwa athibitishe kwamba hajapona. Tulifanya hivyo mwaka uliofuata, na uliofuata, kila mara daftari jipya. Dawa zikaja, gari likaja. Mara mbili lilisahau kuja, likaombewa msamaha kwa barua nzuri. Figo zikabaki mahali pake. Yeye akarudi kwaya, akisimama upande wenye kivuli.

Mimi kufikia 2015 miguu ilikuwa inaniwasha. Mtu aliyefika mahali kwa kuzunguka ziwa hakai milele. Zilikuja mashine za kupiga picha vidole, zikaja simu zinazotafsiri zenyewe, vibaya, lakini bila kuomba chai. Nikastaafu. Sherehe ya kustaafu kwangu ilikuwa ni kurudisha kalamu. Nikapanga kuondoka kwa njia ileile niliyojia, Kikagate, nikaone kama Karagwe bado kuna vumbi. Hadi leo nayakumbuka yale maji ya ziwa Nakivale asubuhi kuliko mji wowote nilioona baadaye, lakini kukumbuka mahali na kukaa mahali ni kazi mbili tofauti, na mimi niliweza moja.

Siku niliyochagua ikaangukia siku ya tathmini, na safari hii walitaka tena kuja nyumbani kwake. Nikamwambia Mama Nsimire naahirisha safari.

"Hapana," akasema. "Uende. Kuongea nitaongea miye."

"Kiingereza chako ni 'good morning.'"

"Na daftari," akasema.

Nikafunga begi, nikakaa barabarani kusubiri gari, nikashindwa. Nikatoa kisingizio kwamba nimesahau kuaga, nikarudi Kashojwa. Nikawakuta Madam, sasa ana mvi, na kijana mpya wa faili wanatoka uani, wanapapasa viuno kama watu waliosimama muda mrefu. Madam akanisalimia akapita.

Mama Nsimire alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, kivulini pa ukuta, miguu ameinyoosha, kichwa wazi bila kilemba, nywele zilizokatika zinaonekana. Ua ulikuwa mtupu. Hapakuwa na kiti hata kimoja. Nikamuuliza wamesema nini.

"Mwaka moja tena."

"Walikaa wapi?"

"Habakukaa." Akatazama mikono yake. Mwanamke huyu alikuwa amefundishwa na mama yake, na mama wa mama yake, kwamba mgeni hasimami. "Nilibaacha basimame. Roho iliniuma kuliko vidole." Kisha akageuza uso kuelekea nyumba ya jirani na kuinua sauti. "Mama Chance, leta kiti."

Mama Chance akatoka amekibeba kichwani. Kilikuwa kile changu, cha sita, ambacho sikuwahi kukidai. Akakiweka mbele ya mkeka na kukifuta kwa kanga.

Nikasema gari linaniacha, nitaaga nikiwa nimesimama.

"Wewe kaa, papa," akasema Mama Nsimire. "Wewe hauko na fomu."

Nikakaa. Gari la kwanza likapita barabarani, likaondoka bila mimi.